Kitabu Kilichouliza Miti Yetu ni Mingapi

Mjukuu wangu alikileta kile kitabu nyumbani siku ya Jumatatu, kimezungushiwa gazeti ili vumbi lisikiguse. Alikuwa darasa la pili. Mama yake, binti yangu wa pekee, anawapikia chakula wachimbaji huko Geita na huja nyumbani anapoweza, kwa hiyo mtoto analala na mimi, anaamka na mimi, na nikikohoa yeye ndiye anayeuliza kama nimekunywa maji.

Nikamuuliza, nani kakupa? "Mwalimu." Na mwalimu kapewa na nani? "Yalikuja maboksi." Maboksi yametoka wapi? Mtoto akanitazama, akasema hajui, yamekuja tu.

Aka! Huku kwetu hakuna kitu kinachokuja tu. Mtu akitokea Segese na pikipiki akakupa hata pipi, ujue kuna jiwe la dhahabu nyuma ya nyumba yako ameliona na wewe hujaliona. Mimi nilikuwa karani wa kupima pamba kwenye chama cha ushirika miaka mingi kabla macho hayajachoka. Nimekaa na mizani, nimekaa na karatasi, na ninajua karatasi inavyoweza kumvua mtu nguo huku inamchekea. Kitabu kile kilikuwa kizuri mno. Karatasi nene, inateleza, rangi zinang'aa, Kiswahili chake safi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikajiuliza ni nani aliyekaa chini akaunda kitu cha gharama namna hii kwa ajili ya mtoto wa kijiji ambacho zahanati yake ina kitanda kimoja.

Hata hivyo nilimwacha anisomee, maana huyu mtoto kwa watu wengine haongei, na akisoma sauti yake inatoka. Kurasa za mwanzo zilinichekesha. Kulikuwa na bustani moja iliyochorwa mara nne, na kitabu kikasema mwaka una majira manne: ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika na ya baridi. Manne! Kwetu yako mawili, ya tope na ya vumbi, na sisi wakulima wa dengu tunajua kuna kipande kidogo katikati, mvua zikiisha na udongo mweusi wa mbugani bado una unyevu, unapanda dengu zako na zinakua kwa umande mpaka unavuna bila kuona tone la mvua. Kwenye majira ya baridi bustani yao ilikuwa nyeupe yote, ua jeupe, paa jeupe. Mjukuu wangu akapagusa kwa kidole.

"Bibi, hawa pamba yao imepasuka mpaka juu ya nyumba na hawajaivuna."

"Wavivu hao," nikamwambia, na tukacheka mpaka nikafuta machozi kwa kanga.

Kisha tukafika mwishoni na kicheko kikaniishia. Babu mmoja na mjukuu wake walikuwa wanapima bustani. Wamepigilia vigingi, wamefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na mtoto ameshika karatasi anaweka alama kila penye mti. Chini yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: Sasa chora kwenu. Miti yenu ni mingapi? Kisima kiko wapi? Shamba lenu linaishia wapi?

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, polepole zaidi, akidhani alikosea. Nikakichukua kile kitabu nikakiweka juu ya kabati.

Lazima nieleze kwa nini, maana anayesoma hapa anaweza kudhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Zamani tulikaa kwingine, mimi na marehemu mume wangu, na binti yetu alikuwa na umri kama wa huyu mjukuu. Wakaja vijana wenye kofia ngumu za plastiki, wa kampuni ndogo ya utafiti ambayo leo sidhani hata kama ipo. Walikuwa na adabu sana. Shikamoo mama, shikamoo baba, wakakaa kwenye vigoda vyetu, wakanywa maji yetu. Sisi tulikuwa tunatoka kupeleka mbuzi mnadani. Wakasema hakuna shida, mtoto atatuonyesha. Binti yangu akawazungusha shamba zima, mkononi ana biskuti waliyompa. Mwembe wa baba ule. Mihogo yetu hii. Kisima kile. Wakaandika, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Kitu kimoja tu hakuwaonyesha, maana alikuwa hakijui: nyuma ya zizi, kwenye minyaa, tulimzika kaka yake aliyetangulia, mtoto wa siku tatu. Kaburi dogo, halina saruji wala msalaba. Kwenye karatasi yao paliandikwa kuwa pale pana minyaa, na minyaa haina thamani. Tukahamishwa. Katapila likapita pale. Wakachimba, dhahabu hawakuipata, wakaondoka wakaacha mashimo.

Hapa tulipohamia, mume wangu amelala nyuma ya nyumba. Siku ile tuliyomzika niliapa kwamba mimi sihamishwi tena, na kwamba hakuna karatasi itakayoandikwa juu ya ardhi hii mimi nikiwa hai. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi unyasi niliuona umechorwa kwa rangi nzuri, na aliyeuleta mkekani kwangu ni mjukuu wangu mwenyewe.

Kesho yake nikajifunga kanga kiunoni nikaenda shuleni. Nilipokata kona ya vyoo nikakutana navyo. Vigingi! Mstari mzima wa vigingi, na kamba, na kwenye kila kigingi kipande cha utepe mwekundu. Nikasimama nikajishika kifua.

Mwalimu wao alikuwa binti mdogo, mgeni, Kiswahili chake hakina Usukuma hata chembe. Alikuja mbio akifuta chaki mikononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kapima hapa?"

"Ni watoto, bibi. Bustani ya darasa la pili. Tunasubiri mvua tupande mchicha."

"Na utepe mwekundu?"

"Ili wasijikwae kwenye kamba."

Nikasema moyoni, majibu anayo. Akanieleza kwamba vitabu vilivyoletwa ni vizuri lakini vinasimulia theluji na watoto hawaielewi, kwa hiyo darasa litatengeneza kitabu chao, kitabu cha majira ya huku. Kila mtoto atachora ukurasa mmoja wa kwao, upande huu wakati wa mvua, upande huu wakati wa kiangazi. Kisha yeye mwalimu atazipiga picha kurasa zote kwa simu.

"Hizo picha zinakwenda wapi?"

"Kwa waliotuletea vitabu, bibi. Wafurahi."

"Ni kina nani hao?"

"Marafiki wa shule."

"Wana majina hao marafiki?"

Akacheka, akadhani namtania. Wala! Nilikuwa nasubiri majina. Akasema kweli hajui, maboksi yalipitia kwa afisa elimu kata, yeye alisaini tu. Alisaini tu! Nikamtazama usoni nione kama ni mjinga au ni mjanja, na sikupata jibu. Uso wake ulikuwa mtulivu, na wale wenye kofia za plastiki pia walikuwa na nyuso tulivu.

Nilipogeuka kuondoka akaniambia, "Bibi, mjukuu wako bado hajawahi kunyoosha kidole darasani. Lakini kwa kuchora, yule mtoto ni hatari. Nimemwahidi ukurasa wake ndio utakuwa wa kwanza kwenye kitabu. Jana kwa mara ya kwanza ameniambia asante." Bibi mwingine angefurahi. Mimi nikaona hiyo nayo ni biskuti.

Njiani nikapita mashineni kuchukua unga, nikamkuta jirani yangu amekaa juu ya gunia lake akisubiri zamu. Huyu ni mwanamke mwema, amenizikia mume, amenipikia nilipougua, lakini siri kwake hailali ikaamka. Nilimjua na bado nikamwambia. Neno moja tu: "Shuleni wamepigilia vigingi vya utepe mwekundu." Sikutaja mgodi. Sikutaja fidia.

"Mayu we!" akasema, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaondoka akaliacha gunia lake la mahindi pale pale.

Huku kwetu kuna kazi inaitwa tegesha. Eneo likisikika kwamba litachukuliwa, mtu anapanda upesi chochote kinachohesabika, ili wathamini wakija wakute mali. Hakuna anayetegemea kula hayo matunda. Basi siku mbili baada ya neno langu, kijiji kizima kilikuwa kimegeuka kitalu. Mipapai imepandwa hatua kwa hatua, huwezi kupitisha hata mbuzi katikati. Bwana mmoja ambaye tangu nimjue hajawahi kupanda hata kitunguu alikuwa amejaza miche ya miembe kwenye uwanja wa kuku, na kuku wanaifukua. Mwingine kajenga kuta za udongo hadi magotini, nyumba isiyo na mlango. Bodaboda za Segese zilileta miche mchana kutwa, na jua lile la kabla ya mvua likawa linaikausha pale pale ilipochomekwa. Nilicheka peke yangu nikiwaangalia.

Kisha na mimi nikapanda. Nikakata vipande vya mihogo nikavichomeka kwenye matuta niliyoyaandaa kwa karanga, mgongo unaniuma, huku najua uvumi umetoka kinywani mwangu. Ndiyo, mimi niliyeapa kwamba sihamishwi. Lakini wakihesabiwa wenzangu wote, nibaki mjinga peke yangu? Mtu akishaingiwa na shaka huja akaamini hata uvumi alioutoa mwenyewe, basi nilikuwa natembea katikati ya mihogo yangu ya uongo na hasira zangu za kweli.

Jioni hiyo niliporudi nyumbani nikamkuta mjukuu wangu amelala kifudifudi kwenye mkeka anachora. Alikuwa amepewa karatasi kubwa na vipande vya kalamu za rangi, vingine vifupi kama harage. Hakunisikia. Nikasimama nyuma yake nikatazama.

Alikuwa amemaliza. Upande wa mvua kulikuwa na tope, na mimi nimeinama kwenye majaruba ya mpunga, makalio makubwa juu, kanga yangu ya njano ile ile. Upande wa kiangazi kulikuwa na michembe imeanikwa juu ya jiwe, kila kipande cha kiazi amekichora peke yake, hakuchoka, na mbwa wetu ameketi anailinda. Dengu ziko mbugani kwa nukta za kijani. Kisima kipo, kamba yake ipo. Miti yote ipo, hata mlonge ule mgonjwa. Na nyuma ya nyumba alikuwa amelichora kaburi la babu yake, na pembeni yake maua mekundu ambayo hayapo, ameyaweka mwenyewe. Mama yake anashuka kwenye pikipiki na mfuko. Sijawahi kuona nyumba yangu ikiwa nzuri vile.

Na ndicho kilichoniogopesha. Kila kitu kilikuwamo. Mgeni ambaye hajawahi kukanyaga kwetu angeweza kuishika ile karatasi akatembea mpaka kaburini.

"Nipe," nikasema.

Akanipa akitabasamu, akidhani nitasifu. Nikaikunja mara mbili, nikaisukuma kati ya mafiga chini ya sufuria. Ikashika moto. Mtoto hakulia, laiti angelia. Alitazama tu karatasi inavyojikunja.

Nikamkalisha nikamweleza kwa muda mrefu, kwa ukali, maana nilikuwa naogopa. Nikamwambia kwamba watu huja na vizuri mkononi. Kwamba mtoto ndiye anayeulizwa kwa sababu mtoto hajui kuficha. Kwamba mama yake alipokuwa mdogo alionyesha kila kitu na tukapoteza kila kitu. Hilo la mama yake sikupaswa kulisema. Kwa miaka yote binti yangu sijamtamkia neno hilo usoni, na pale nikalimwaga kwa mwanawe. "Kesho ukichora shuleni, usichore mti, usichore kisima, usichore babu. Umenisikia?" Akasema ndiyo bibi, akaenda kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji alituita mkutanoni shuleni, maana mambo yalikuwa yameharibika. Kamba zilikuwa zimekatwa, matuta ya darasa yamekanyagwa. Nusu ya watu walitaka kuijua siku ya wathamini kuja, nusu walitaka yule binti aondoke kijijini kabla jua halijazama. Jinsi walivyokuwa wanampigia kelele! "Sema umetumwa na mgodi gani!" Mwalimu alisimama mbele na boksi miguuni, karatasi zinatetemeka mkononi. Nilimwangalia vizuri mikono yake. Mtu anayejua anachoficha mikono haimtetemeki vile, hilo nililiona, na nikanyamaza.

Mwenyekiti akauliza, "Nani alikuwa wa kwanza kusema vigingi hivi ni vya mgodi?" Jirani yangu akanitazama. Nikajua nimekwisha. Lakini yule mama, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nadhani, akafunga mdomo wake, akatazama chini akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi, na bado sikusimama.

Mwalimu hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema picha hazitatumwa popote, simu yake hii hapa, mwenyekiti aikague. Kisha akaanza kuita wazazi mmoja mmoja na kumpa kila mtu ukurasa wa mtoto wake. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa amemchora amelala kwenye mkokoteni mchana kweupe, mdomo wazi, nzi watatu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Wakaanza kusogea kuchukua za kwao. Mama mmoja akaona ng'ombe wao aliyekufa kwenye ukame, amechorwa yuko hai na kengele yake, akajifuta macho. Bwana wa miche kwenye uwanja wa kuku akakuta mtoto wake amechora kuku tu, kuku ukurasa mzima, akasema, "Huyu walau mkweli." Hasira zikamwagika pale chini. Nilitazama watu wale wale waliotaka kumfukuza wakinyang'anyana kuonyeshana.

Kisha mwalimu akaniita mimi. Akanipa karatasi akainamisha macho.

Upande wa mvua kulikuwa na mstari mmoja wa kahawia, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa kiangazi mstari ule ule. Hakuna nyumba. Hakuna mbwa. Hakuna mimi. Chini ameandika kwa mwandiko wake mzuri, bila kosa: Kwetu hakuna kitu.

Waliokuwa karibu walichungulia, kicheko kikakatika. Mama mmoja akaniwekea mkono begani akasema, "Pole mama," akadhani tuna njaa. Jioni ile alinitumia bakuli la michembe. Nami nina michembe magunia mawili ndani! Niliipokea. Ningemwambia nini?

Mwalimu akanifuata getini. "Bibi, nafasi yake ya ukurasa wa kwanza bado naiacha wazi. Mpaka Ijumaa." Hakuniuliza chochote, na mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Hadi leo sijui marafiki wa shule ni kina nani, na nikisikia pikipiki nisiyoijua bado nachungulia dirishani. Sijasema niliacha kushuku. Nasema tu kwamba siku ile nilipanda bodaboda mwenyewe, mimi ambaye huogopa bodaboda, nikaenda Segese dukani nikanunua boksi zima la kalamu za rangi, mpya, ndefu, na karatasi nyeupe kubwa. Nikarudi nikatandika mkeka uani, nikamwita.

"Kaa. Chora kwetu, kama ulivyochora mwanzo. Mpunga, michembe, babu, kila kitu. Nilikosea mimi."

Akakaa. Akalifungua boksi, akazitazama kalamu zote kwa zamu bila kuzigusa. Kisha akaniuliza kwa ile sauti ya chini ya adabu anayoitumia kwa wageni, "Ni nani anayetaka kuona, bibi?"

"Ni mimi," nikasema. "Mimi tu."

Akalifunga boksi, akalisogeza taratibu upande wangu wa mkeka.

"Wewe si unapajua," akasema, akainuka, akachukua ndoo akaenda kisimani.